Jezi ya Asiyeruhusiwa Kudaka

Nilifungua belo langu la mitumba pale mnadani Katesh nikakuta jezi za mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti. Nikahesabu: kumi na mbili. Nikarudia: kumi na mbili. Nyekundu kumi na moja, kijani moja.

Mwalimu mstaafu anayewafundisha mpira wasichana wa Gitting alifika na golikipa wake. Jumamosi walikuwa na mechi na Getanuwas, na refa alishasema asiye na jezi hachezi. Nikampa shikamoo yake, tukavutana bei, tukaelewana. Ya kijani ikawa ya golikipa.

Hapo ningenyamaza. Lakini mzigo wangu huwa nausoma kwenye simu kabla ya kuuza, na kitu nikishakijua kinaniwasha mdomoni.

“Hii ya kijani ni namba sabini na mbili,” nikasema, “kule kwao, mwenye namba hamsini mpaka sabini na tisa haruhusiwi kudaka pasi. Akitaka, akaripoti kwa refa kwanza.”

Golikipa, binti mrefu mwenye vidole vya kukamulia ng’ombe, akairudisha juu ya turubai.

“Nivae jezi ya mtu aliyekatazwa kudaka? Getanuwas nao wana simu, kaka.”

“Ya kifuani imeshabanduka, imebaki ya mgongoni tu. Wewe si utakuwa umewatazama?”

“Wakinifunga nitageuka kuufuata mpira. Hapo ndipo wataisoma.”

 Kijani nyingine sikuwa nayo, na mwalimu alikuwa ananitazama kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Umeanza mwenyewe, malizia,” akasema. “Kazi yake huyo ni nini?”

Nikaeleza, na kwa kweli ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Anamkinga mwenzake anayerusha mpira. Anasukumana na majitu mechi nzima, na anaweza kustaafu bila kufunga hata mara moja.

Binti akauliza, “Akizuia mara hamsini?”

“Anashangiliwa aliyerusha.”

“Akipitwa mara moja?”

“Wanairudia kwenye televisheni, tena polepole.”

Akaiokota tena ile jezi.

“Huyo ni golikipa,” akasema, “hawajamwambia tu.”

Akaivaa juu ya sweta lake, ikamfika karibu na magoti. Mwalimu akadai nipunguze bei kwa usumbufu. Nikapunguza bila kubisha. Wanaonifahamu hawaamini.