Mama Mkeka Aliyekaa Kitako

Tunamwita Mama Mkeka, kwa kuwa watoto anaotulelea mchana huwalaza kwenye mikeka sebuleni kwake. Tunaomwombea dua ni wengi, ila fundi rangi, Baba Kibonge, ametupita sote.

Fundi alifiwa na mkewe wakati mtoto wao, Kibonge, akiwa bado ananyonya. Mama mkwe wake, naye ana uchungu wake, akamwambia, "Mwanamume hawezi kulea kichanga. Mwezi ukiisha namchukua mjukuu wangu." Na kwa mama mkwe ni mbali, fundi angekuwa baba wa kusikika kwenye simu tu.

Kila asubuhi alimkabidhi Mama Mkeka mtoto mlangoni, mikono imenyooka kama aliyebeba ndoo ya rangi iliyojaa. Jioni alimkuta kashaoga, kashiba, kavishwa. Mama Mkeka akang'amua kwamba wema wake mwenyewe unamfanya baba mgeni kwa mwanawe. Ndipo akaanza kumbakizia kazi.

"Baba Kibonge, vua viatu uingie. Nepi inakusubiri."

"Mama Mkeka, mikono hii imezoea brashi!"

"Brashi yako si hufika hadi kwenye pembe? Haya, pembe ndizo hizo."

Akina mama waliofuata watoto wao wakaangua kicheko. "Fundi, usimpige koti la pili la rangi!"

Nepi ile ilidondoka kabla hawajafika getini. Kesho yake akarudia. Mama Mkeka alikaa pembeni, mikono mapajani, hata Kibonge alipopiga mayowe. "Mweleze unachofanya," alisema. "Sauti yako ndiyo anayoitaka." Basi fundi akawa anaongea: "Tunainua mguu, bosi. Sasa wa pili."

Mwezi ukaisha. Bibi yake Kibonge akafika na begi, moja kwa moja kwa Mama Mkeka. Kibonge kuona sura ngeni, kilio! Bibi akabembeleza, akaimba, wapi.

"Mchukue wewe, amekuzoea," akamwambia Mama Mkeka.

Mama Mkeka hakuinuka. "Babake huyo anaingia."

Fundi, rangi hadi kwenye nyusi, akanawa mikono, akampokea. "Nini tena, bosi? Nani kakuudhi?" Kwikwi zikapungua. Kibonge akamshika baba sikio, akalaza kichwa begani.

Bibi akafuta macho. "Mamake naye alilala hivyo hivyo, kashika sikio la babake." Akashusha begi. "Mkwe, nitakuwa nakuja mimi kuwaona."

Kisha Bibi akamshika Mama Mkeka mikono yote miwili.

"Ahsante, mwanangu. Umekaa kitako, na nyumba ya marehemu binti yangu imesimama."