Tone Moja Ndani ya Deraya

Mama yangu huwaambia watu wa kijijini kwetu Ndama kwamba mimi ndiye niliyelinunulia jeshi magari ya deraya. Nimemwacha aseme hivyo miaka yote, na kila nikirudi likizo nimekuwa nikitembea kwa mwendo unaofanana na maneno yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa karani. Kwenye kamati ya ukaguzi kazi yangu ilikuwa kubeba faili, kuandika waliyoyasema wenye akili, na kuhakikisha chai ya saa nne haichelewi. Cheo changu kilikuwa sajini, ila tumbo lilikuwa la brigedia.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na magari ya deraya ya zamani, bodi zake bado ngumu, lakini injini zimechoka na mipira ya milango imekauka hadi inapukutika. Badala ya kununua mapya yote, ikaamuliwa yafufuliwe. Mkandarasi mmoja akapewa gari moja alitengeneze kama sampuli, injini, viti, mipira na kila kitu. Likifaulu majaribio angepewa mengine yote. Kamati ikatafuta mahali penye milima, matope na maji ya kutosha, ikachagua kwetu, njia ya kwenda Kyerwa. Mimi nilifurahi kana kwamba wamenipa nishani. Sikusema, na wala hakuna aliyeuliza, kwamba kwa miezi miwili kila saa nne nilikuwa nayasifia matope ya kwetu mpaka meja, mwenyekiti wa kamati, akachoka kunisikiliza.

Tulifikia gesti pale Omurushaka. Gari lilikuja juu ya trela, limefunikwa turubai, na turubai lilipotolewa wanunuzi wa kahawa waliacha mizani yao wakaja kutazama. Nilisimama kando yake, mikono kiunoni. Mzee mmoja akaniuliza kama mimi ndiye dereva. Nikamwambia dereva yuko chini yangu. Dereva alikuwa nyuma yangu anakula muhogo, na alisikia.

Pamoja na gari alikuja fundi wa mkandarasi, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye vidole vilivyopinda kwa kazi. Ile mipira ya milango aliikata na kuigandisha yeye mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, afande, na kwa kuwa napenda sana kuambiwa mambo, nikamchokonoa mpaka akaniambia. Bosi wake alikuwa amemwonya kwamba gari likiingia majini, tone moja likionekana ndani, asirudi karakana. Tone moja tu. Kwa umri ule hakuwa na karakana nyingine ya kwenda kuanza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwenye kamati nipo mimi. Alinishukuru sana, maskini.

Siku moja kabla ya majaribio niliwapeleka Ndama, meja, fundi na wengine, wakamwone mama. Aliwapikia ndizi na maharage, akawapa kahawa ya kutafuna, kisha akaleta kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Kabla ya kumpa meja, mama alikunywa yeye kwanza funda kubwa, akafuta mdomo. Meja si mtu wa huku, akauliza kulikoni.

"Kwetu, waitu, aliyeleta pombe ndiye anaonja kwanza," mama akasema, kwa lile waitu letu la kumheshimu mgeni. "Akibaki mzima, na mgeni anakunywa."

Meja aliyapenda maneno yale kupita kiasi. Aliyarudia njia nzima tukirudi, na mimi, badala ya kunyamaza, nikajitia profesa. Nikaeleza kwamba hapo ndipo ulipo msingi wa manunuzi yote duniani: muuzaji aonje kwanza, halafu mnunuzi. Mnunuzi, nikasisitiza, asikubali kitu kwa kuambiwa tu. Kama ningekuwa na akili ya kuku ningeona hotuba ile inanipeleka wapi.

Kesho yake tulishuka bondeni, kwenye dimbwi pana lenye mafunjo pembeni, maji yanafika kifuani mwa mtu mrefu. Mimi si mtu mrefu. Isitoshe, kwetu Ndama maji huchotwa, hayaogelewi. Fundi alitandaza magazeti sakafuni mwa gari, akaingia, akakaa kiti cha nyuma kushoto, mlango ukafungwa. Dereva akalizamisha gari hadi maji yakapita madirisha, akavuka, akazunguka, akarudi. Fundi akatoka na gazeti lake mkononi. Meja akalipapasa pande zote. Lilikuwa kavu, unaweza kufungia vitumbua.

Ndipo meja akageuka kunitazama, na tabasamu ambalo sikulipenda.

"Aliyeleta ameonja," akasema. "Sasa mgeni. Sajini, si ndiyo mila yenu?"

Nilitafuta goti linaloniuma. Siku zote ninalo moja, lakini siku ile yote mawili yalikuwa mazima. Wajumbe walikuwa wananiangalia, fundi naye ananiangalia kwa imani kabisa, mtu wake wa kwenye kamati. Nikaingia. Fundi akanitandazia gazeti jipya, akafunga mlango.

Mle ndani kuna kioo kidogo kinene. Nilijiambia nisikitazame, nikakitazama. Maji ya kijani yalipanda taratibu, jani la funjo likapita, kisha kukawa giza. Tulipofika katikati injini ikakohoa. Baadaye dereva alieleza kwamba alikuwa anabadili gia, na mpaka leo sijui kama haikuwa malipo ya yale ya Omurushaka. Mimi nilijua tumezimika. Ni Mlutheri wa kubatizwa utotoni, lakini mle ndani nilimwita Bikira Maria kama mtu wa jirani. Wala sikuona ni wakati gani hasa jambo lenyewe lilitokea. Niliona tu kwamba nimepata joto mapajani, na kwamba gazeti limelowa.

Tulipotoka majini mlango ukafunguliwa. Nilishuka polepole kama bibi harusi. Suruali ilikuwa inasema yenyewe, hivyo nililazimika kuisemea kabla haijaeleweka. Meja akauliza kama kuna maji.

"Kidogo, afande," nikasema. "Upande wa kushoto."

Kisha, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika kwenye fomu: maji yameonekana sakafuni, kiti cha nyuma kushoto.

Uso wa fundi sitausahau. Hakubisha. Alichukua bisibisi, akaung'oa mpira wote wa mlango, akaulaza juu ya turubai na kuupapasa kwa vidole vile vilivyopinda, shibiri baada ya shibiri, juani, kwa zaidi ya saa mbili. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha lori nikijifanya napanga faili ambalo lilikuwa na karatasi nne. Najua kuona aibu, nimeona nyingi, lakini ile ilikuwa inanila kama utitiri ndani ya nguo, na nguo zenyewe zilikuwa bado hazijakauka.

Hakukuta kitu. Akarudisha mpira mahali pake, kisha akaingia ndani kufuta sakafu. Akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika lile gazeti kwa ncha za vidole, mbali na pua. Maji ya dimbwi hunuka tope. Alinitazama mara moja tu, akalikunja gazeti dogo dogo, akalitia kwenye mfuko wa takataka na kuufunga. Halafu akamwendea meja, nami nikasikia kila neno.

"Afande, kosa ni langu. Mpira sikuubana vizuri."

Alichagua kurudi nyumbani bila kazi kuliko kunivua nguo mbele ya wakubwa wangu. Mimi, ambaye nilikuwa nimemhakikishia kwamba nipo. Meja akaguna, akaniagiza niandike kwamba mkandarasi amekiri kasoro. Nikaanza kuandika. Nilifika kwenye "amekiri" na mkono ukakataa kuendelea. Ungedhani nilikuwa shujaa. Kusema kweli nililia kidogo kwanza.

"Afande," nikasema, "yale maji ni yangu."

"Yako vipi?"

"Yangu mwenyewe, afande. Nimejikojolea."

Dereva alikwenda kusimama nyuma ya gari. Meja alitugeuzia mgongo, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Alipogeuka alikuwa amekaza uso, akaamuru gari lipite tena majini, yeye mwenyewe akiwa ndani. Alirudi na gazeti kavu.

Fundi akalipokea lile gazeti. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kitaalamu, kwamba basi sasa imethibitika kabisa: mpira wake hauingizi maji, wala hautoi.

Gari likafaulu majaribio. Nilidhani kwenye nakala safi ningeruhusiwa kuliruka tukio lile, nikamwomba meja hivyo. Akasema rekodi ni rekodi, akanisomea sentensi nikaiandika, na hadi leo imo kwenye faili la gari lile, juu ya sahihi yangu: "Maji yaliyoripotiwa kiti cha nyuma kushoto hayakutoka nje ya gari."

Mkandarasi alipewa yale mengine yote, na mipira ya milango yake yote ilitoka mikononi mwa yule mzee. Sasa amestaafu, kwa heshima na sherehe. Mama hajui, bado anawaambia watu mwanawe ndiye aliyenunua. Akinimiminia rubisi, anaonja kwanza, kisha ananipa, na mimi nakunywa kidogo kidogo, kwa adabu.

Kila mvua kubwa ikinyesha, fundi hunipigia simu kutoka kwao. Hasalimii wala haulizi ndizi wala kahawa.

"Afande, huko kukavu?"

"Kukavu, mzee," namjibu. "Shikamoo."