Nambari ya Kichwani

Mama wa kujazia watu fomu hapa Ogembo ako na meza nje ya duka la fotokopi, na biro tatu amezidunga kwa nywele. Anaandika pole pole, akinong'ona kila herufi, halafu anapuliza karatasi kama chai moto. Akifika mahali pa "next of kin" anaweka biro chini. Watu wengi hapo wanataja pasta, ama ndugu mwenye gari. Yeye anawaambia hiyo ni mtu atakuja mbio ukianguka, hata kama mlikosana. "Na usitoe simu," anasema. "Huyo nambari yake iko kichwani."

Jana nilimpelekea fomu ya kazi ya kiwanda cha majani chai. Nikamwambia hapo aandike hakuna. Tangu niwache shule Form Two mimi na baba hatuongei, na nambari yake nilifuta. "Hakuna si mtu," akasema, akangoja, mikono juu ya karatasi. Edinah wa ndizi, nyuma yangu kwa laini, akacheka: "Kijana, kwani ulikatwa kwa mgomba kama hizi zangu?" Nikaanza sifuri, saba, mbili, na zingine zikajileta zenyewe. Mama akaziandika moja moja, akinong'ona, akapuliza. Halafu akanisukumia simu yake. "Sasa mwambie umemwandika. Mimi siandiki mtu kwa siri."

Ikalia mara moja tu, baba akashika.