Maboga Matatu ya Mbegu

Mama yangu alipofika kwangu Ndosho, mtaa wa Goma, alikuwa na godoro, sufuria mbili, na jembe. Jembe ndilo lililonichekesha. Nyumba yangu ni ya mbao na mabati kama za majirani, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na ukipiga jembe pale utavuna cheche. Nilimwambia hivyo kwa mzaha, hata kabla sijampa maji ya kunywa. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka kijijini kwetu, upande wa Rutshuru, ambako vita vilikuwa vimeingia mpaka ndani ya migomba. Aliliegemeza jembe nyuma ya mlango, akaomba maji.

Naanza na mzaha huo kwa sababu ndio mtu niliyekuwa. Nimesomea kilimo. Nina diploma, na karo yake yote ilitoka katika shamba la mama: maharagwe, mahindi, maboga, msimu baada ya msimu, na mgongo wake umeinama. Nilipomaliza nikapata kazi katika shirika moja mjini, kazi ya kufundisha watu kulima mboga nyuma ya nyumba. Kwa hiyo nilikuwa nasimama mbele ya akina mama wa umri wake, nikiwaonyesha namna ya kupanda maharagwe. Walinisikiliza kwa heshima, wengine wakiitikia kwa kichwa. Wakati ule nilidhani wanajifunza.

Husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wetu alikuja na jembe lake mwenyewe, sisi tukamnyima pa kulitia. Mke wangu hakutaka watu waseme anamtumikisha mama mkwe, basi akamnyang'anya kwa upole fagio, ndoo, hata ungo wa kuchagulia maharagwe. Mama akabaki na kiti cha plastiki mlangoni. Mwezi wa kwanza alikaa pale akitazama wapita njia. Mwezi wa pili akaanza kulala mchana. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama amelala jua likiwa juu, isipokuwa alipokuwa na malaria. Niliogopa, na bustani ilianzia hapo.

Kazini kulikuwa na pakiti za mbegu za kurjeti za duara. Ni jamaa ya boga, ila huliwa changa, likiwa la ukubwa wa chungwa, ganda na vyote. Nikaleta nyumbani pakiti moja. Nikanunua udongo mweusi, ukaletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, gunia juu ya gunia, tukaumwaga nyuma ya nyumba kati ya mawe. Mama aliamka kitini. Alichukua udongo mkononi, akaunusa, akasema umechoka, unahitaji mavi ya mbuzi na majivu. Kesho yake alikuwa ameshajuana na jirani mwenye mbuzi. Mimi nilikuwa nimeishi miaka sita jirani na mtu yule bila kujua ana mbuzi.

Alipanda mwenyewe. Nilikuja na futi yangu ya kupimia nafasi kati ya shimo na shimo, akaitazama, akaendelea kupima kwa hatua zake. Mbegu mbili kila shimo, zimelazwa ubavu, udongo juu yake wa kina cha kiungo cha kidole. Siku ya sita zikatoka, kila mche umevaa ganda la mbegu kichwani. Alikuwa akiziamkia kabla ya kutuamkia sisi. Maji ya bomba hayafiki kwetu, tunayanunua kwa bidoni, dumu kwa dumu, na mama hakutaka kuharibu hata tone: tukinawa, tulinawia juu ya mimea. Ukioga, maji ya beseni yalikuwa na mwenyewe.

Kitu kimoja kilimsumbua. Aliisubiri mimea itambae, akaichomekea hata vijiti vya kuionyesha njia, lakini kurjeti haitambai, inakaa pale pale kama kichaka na kujaza matunda tumboni. Aliniuliza boga gani hili lisilotembea. Mke wangu akamjibu kwamba ni boga la mjini, halina pa kwenda, na mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu afike. Nilisikia furaha ambayo sijui kuieleza, na nadhani nilijipongeza pia.

Ugomvi ulianza matunda yalipokuja. Pakiti ilisema uvune yakiwa madogo, na mimi pia nilisema hivyo, kwa sababu ni kweli: kurjeti ukiliacha likazeeka juu ya shina, shina linaona limemaliza kazi, linaacha kuzaa. Mama aliona kuvuna boga changa ni uharibifu. Kwao mtu hupiga ganda kwa kucha, na kama kucha inaingia, unaliacha liendelee. Tukakubaliana nusu nusu. Nilikata yangu madogo, tukayala na vitunguu na nyanya, na mama alisema ni matamu, ingawa alikuwa akila majani zaidi.

Lakini alichagua matatu. Yalikuwa ya kwanza kabisa, kila moja kwenye shina lenye nguvu, na alichana kitambaa cha kitenge chake cha zamani akayafunga kwenye kikonyo, moja moja. Kila mtu aliyekulia shambani kwetu anajua maana yake. Tunda lenye kitambaa ni la mbegu. Haliguswi na mwenye njaa wala na mgeni, linakaa mpaka shina lenyewe likauke. Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa sijaanza shule, na niliwahi kuchapwa kwa ajili ya boga la namna hiyo. Kwa hiyo sitasema hapa kwamba sikujua.

Wala haikuwa siri anazitaka mbegu za nini. Alimwambia mke wangu, akawaambia majirani, akamwambia mwenye mbuzi: akirudi nyumbani atazipanda kule chini karibu na mto, palipokuwa na maboga yake, aone kama udongo wa kule utalifundisha boga hili kutembea. Alikuwa akisema "nikirudi" kama mtu anayesema "nikitoka kanisani". Na mimi kila nikisikia neno hilo nilikasirika. Kazini tulikuwa tunapokea habari za vijiji vilivyochomwa, na cha kwetu kilikuwa kimetajwa. Nilijiambia matumaini yale yatamuua siku atakapojua. Nilijiona mtu mzima, na yeye nikamwona mtoto wa kufichwa mambo.

Jumapili moja mkuu wangu wa kazi akasema atapita kuona bustani yangu. Alitaka picha za mavuno kwa ajili ya ripoti, na mimi nilikuwa nimejisifu sana ofisini. Asubuhi ile, mama akiwa misani, nilikwenda nyuma ya nyumba na kisu. Yale madogo tulikuwa tumekula Ijumaa. Yaliyobaki hayakuzidi ngumi ya mtoto mchanga. Katikati yakakaa yale matatu, makubwa kama sufuria za wastani, kijani kilichopauka chenye mistari, yamening'iniza vitambaa vyao. Nilisimama kidogo. Kisha nikajiambia maneno ya kitaalamu: yanazuia shina, mbegu ya pakiti hii hairudii uzao, mama atanishukuru tukianza kuvuna tena. Nikayakata yote matatu. Vitambaa nilivitia mfukoni.

Mkuu alipiga picha zake, mimi nimekumbatia maboga huku natabasamu. Mke wangu aliuliza mara moja tu kama mama anajua, nikamwambia apike. Mama alirudi tumeshaketi mezani. Alimsalimu mgeni kwa mikono miwili, akapita nyuma kunawa kama kawaida, kwa hiyo aliviona vikonyo vilivyokatwa kabla hajaona sahani. Alirudi, akaketi, akala. Mgeni alimsifu kwa bustani nzuri, naye akashukuru. Ila nilimwona akitoa mbegu kwenye mchuzi, moja moja kwa ncha ya kidole, na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Zilikuwa laini, nyeupe, hazina kitu ndani. Alizibonyeza zote, hata ya mwisho.

Mgeni alipoondoka, mama aliniita kwa sauti ya kawaida, kwa jina ambalo mama wa kwetu huwaita wana wao.

"Papa, zile zilikuwa za mbegu."

Ningeweza kusema nisamehe, Mama. Ni maneno mawili, hata mtoto anayaweza. Nikamweleza habari ya hybride, mbegu chotara: kwamba mbegu zile ni za bure, kwamba akizipanda zitazaa kitu kingine kabisa, tofauti na mama yake.

"Kitu ingine ni chakula, ao ni mawe?" akaniuliza.

Nikamwambia tutapata nyingine katika sachet, pakiti mpya.

"Na kule nyumbani, hiyo sachet nitaipata wapi?"

Hapo ndipo nilipomkata. Namkumbuka ameketi, kitambaa cha kanisani bado kichwani, na mimi nimesimama juu yake kama ninavyosimama mbele ya akina mama wa mafunzo. "Kule wapi, Mama? Kule hakuna tena shamba. Nani alikuambia tutarudia?"

Mama alinyanyuka akakusanya sahani, na mara hii mke wangu hakumnyang'anya.

Hakununa. Ningependa angenuna. Aliendelea kutusalimu asubuhi, aliendelea kwenda misani, lakini nyuma ya nyumba hakuenda tena. Alipotaka majani ya kupika, alimwomba mke wangu ruhusa. Mtu aliyeunusa udongo ule, aliyeuombea mavi ya mbuzi, aliuliza, "Naweza kukata majani kidogo?" na alisubiri jibu. Kila nilipomsikia akiuliza, nilijifanya natafuta simu.

Na ubaya ni kwamba nilikuwa sahihi. Baada ya kukatwa yale matatu, mashina yalizaa kwa wazimu. Matunda kila siku ya pili, mviringo, mazuri, ya ukubwa ule ule wa kwenye picha ya pakiti. Niliyavuna mimi, changa, bila kukosa hata moja. Tuligawa kwa majirani mpaka wakaanza kutukwepa. Sijawahi kuichukia mboga namna ile.

Halafu vita vikashuka mpaka mjini. Siku zile kila mtu wa Goma ana za kwake, sitaziongeza. Shirika lilifunga mlango, mkuu wangu akavuka mpaka, na mimi nikaishia kitini, kile kile cha mama cha plastiki. Baada ya wiki kadhaa ikasemwa waliokimbia vijiji vyao warudi makwao. Wanawake wa kijiji chetu walipata lori, wakampitia mama. Alifunga godoro lake kwa dakika chache, utadhani lilikuwa limefungwa siku zote.

Lori likingoja barabarani, nilikimbia nyuma ya nyumba. Nilipekua kila shina, nikainua kila jani, hata yaliyoshikwa na ule unga mweupe wa ugonjwa. Nilitaka moja tu, moja lililonisahau au nililolisahau, lenye ganda gumu. Sikulipata. Nilikuwa mvunaji mzuri mno. Nikatoka mikono mitupu, nikamwambia mama safari njema, naye akaniwekea mkono kichwani kama zamani, akaniombea. Hakuniuliza nilikuwa natafuta nini.

Alipiga simu baada ya siku tisa, kwa simu ya mtu, kutoka kilimani ambako mtandao hushika. Nyumba ilichomwa kweli, wamejifunika shiti, turubai la plastiki. Ghala za wote zilikuwa zimeshafagiliwa, hakuna aliyekuta punje ya kupanda, ya mahindi wala ya maharagwe, na mvua ilikuwa imeanza. Kisha nikasikia upepo, na wanawake wengine wakiongea nyuma yake. Nikamwuliza habari za shamba. Sauti ilitoka kama ya mtu wa mbali.

"Shamba iko," aliniambia. "Yote iko, mpaka kule chini ku mutoni. Tuko tunaiangalia tu."