Mkono wa Irine

Asubuhi ile Jedidah alimgusa binti yake kwenye paji la uso, akajidanganya. Alijiambia ni joto la blanketi. Mtoto wa miaka mitano akilala amejifunika gubigubi lazima aamke na joto, na kwa kuwa chumbani hapakuwa na mtu mzima mwingine wa kumbishia, hoja ikapita. Akampa Irine dawa ya homa iliyobaki chupani, akamvisha sweta ya kijani ya shule ambayo mikono yake ilimeza vidole.

"Mama, kichwa inaniuma."

"Itaisha, umekunywa dawa. Leo utakaa vizuri, si ndiyo?"

"Mgeni anakuja?"

"Anaweza kuja."

Mgeni mwenyewe alikuwa Bwana Onchiri, mkufunzi wa chuo kimoja cha walimu wa chekechea huko Homa Bay, na Jedidah alimwogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu yeyote asiyeshika rungu. Kwa miaka mitatu alikuwa akiisomea diploma wakati wa likizo; wenzake wakipumzika, yeye anafunga nguo kwenye mfuko na kwenda kukaa bwenini. Bravin, mtoto wake wa pili, alizaliwa katikati ya mitihani, na karatasi ya saikolojia ya watoto aliifanya akiwa amekalia mto kwa sababu ya nyuzi alizoshonwa alipojifungua. Sasa kilibaki kitu kimoja tu, muhula wa mazoezi ya kufundisha, katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya soko la Kosele. Mkufunzi anakuja mara tatu bila taarifa, anakaa nyuma, anakupa alama. Ukianguka unarudia muhula mzima mwaka unaofuata.

Tathmini ya kwanza ilienda mrama, na aliyeiharibu ni Irine. Shule ilikuwa na darasa moja la chekechea, kwa hiyo Irine alikuwa humo kama mtoto mwingine yeyote. Katikati ya wimbo wa namba akachoka, akainuka mkekani, akampanda mama yake mapajani na kudai maji. Mara darasa zima lina kiu. Bwana Onchiri akaandika arobaini na moja, kisha akamwita Jedidah nje.

"Madam, nikirudi huyu mtoto wako asiwe hapa. Huwezi kuwa mama na mwalimu kwa wakati mmoja. Nikimpata, sitakaa hata kusikiliza somo."

Ni rahisi kusema, hasa kwa mtu ambaye watoto wake walilelewa na mtu mwingine yeye akiwa kazini. Amwache wapi? Elkanah, mumewe, ni fundi wa mawe. Anajenga nyumba za kupangisha huko Suna, Migori, na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mama yake Jedidah yuko Karungu, anaanika omena, na mgongo wake siku hizi haubebi hata ndoo. Jirani yao Risper alikubali kukaa na Bravin, kwa sababu mtoto wa miezi kumi unamfunga mgongoni na kuendelea na shughuli zako. Kumchukua Irine alikataa, na huwezi kumlaumu. Risper anapika mandazi, na karai la mafuta moto si la kukimbiwakimbiwa na mtoto.

"Nyar Karungu, wewe tafuta njia," Elkanah alimwambia kwenye simu. Ndivyo anavyomwita, binti wa Karungu, hasa akiwa ameishiwa na ushauri.

Njia akaitafuta. Alimnyoa Irine nywele zote, zile za kusuka ambazo mkufunzi aliziona. Akamhamishia mkeka wa nyuma. Akawasihi walimu wenzake wasimwite Mama Irine tena, wamwite Madam Jedidah. Na kila asubuhi njiani wakawa wanakariri.

"Tukifika kwa geti mimi ni nani?"

"Ticha."

"Ukitaka kitu?"

"Nainua mkono."

"Halafu?"

"Nangoja."

"Na mgeni akiwa?"

"Sitoki kwa mkeka mpaka aende."

Baada ya wiki mbili Irine alikuwa anauachia mkono wa mama yake langoni bila kuambiwa, na Jedidah, Mungu amsamehe, akajivunia. Mkufunzi alipokuja mara ya pili hakumtambua mtoto kabisa. Hamsini na tisa. Ili apite, tathmini ya tatu isipungue sitini.

Siku ile ya joto la blanketi, Bwana Onchiri aliingia saa tatu kamili, faili kwapani. Akasalimia watoto, wakamwitikia kwa kelele, akaketi kwenye kiti kidogo kilichomfanya magoti yafike kifuani. Jedidah alimpa andalio la somo kwa mikono miwili.

Somo lilikuwa la kuhesabu mpaka kumi kwa vifuniko vya soda. Alikuwa ameshona namba kwenye gunia la sukari kwa nyuzi za rangi, kazi ya wiki nzima, na watoto walilipenda gunia lile. Akauliza swali la kwanza. Mikono ikainuka mingi. Mmoja wa nyuma, wenye sweta ya kijani iliyoteremka mpaka kiwikoni, ulikuwa wa Irine.

Hakumchagua. Siku za mgeni hakumchagua kamwe, asije mtoto akateleza na kusema Mama. Akachagua wengine. Mikono ikashuka, wa Irine ukabaki juu. Swali la pili, la tatu. Mkono uko juu. Jedidah akatazama mara moja haraka, kama mtu anayechungulia chungu na hataki mvuke umuunguze, akaona midomo ya mtoto imekauka na macho yanang'aa vibaya.

"Irine otetni!" Cliff, aliyekaa jirani yake, alipaza sauti kwa Kijaluo. Irine anatetemeka.

Bwana Onchiri, mtu wa Kisii, hakuelewa. Jedidah alielewa.

"Cliff, tuangalie mbele. Tuhesabu pamoja. Moja..."

Dakika kumi na mbili zilibaki. Alijiambia ni dakika kumi na mbili tu. Alijiambia mtoto ameshakunywa dawa. Kisha wakati wa nane, tisa, kumi, akamwona Irine akiinama, akivuta shingo ya sweta mbele na kutapika humo ndani, kimya, bila kumwaga hata tone mkekani. Halafu akalikunja lile tumbo la sweta taratibu kwa mkono mmoja, kama alivyofundishwa kukunja kitambaa. Na mkono wa pili akauinua tena.

Jedidah aliona. Ningependa kusema hakuona, lakini aliona. Akageukia gunia lake na kuuliza tano inafuatwa na ngapi.

Somo likaisha, watoto wakatolewa kwenda kunywa uji. Bwana Onchiri akamwita kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la darasa, ili ampe maoni kama ilivyo desturi. Alikuwa na uso wa furaha, jambo ambalo Jedidah hakuwahi kuliona. Jedidah aliketi akimkabili, na nyuma ya bega la mkufunzi dirisha lilikuwa wazi. Ndani, mkeka ulikuwa mtupu isipokuwa pale nyuma.

Irine hakwenda kwenye uji. Mgeni alikuwa hajaenda. Alikuwa amekaa peke yake, mkono juu, na mkono mwingine umeushikilia kiwikoni usianguke.

"Vifaa, vizuri sana. Hilo gunia nitawaonyesha wengine," Bwana Onchiri alikuwa anasema, akiandika. "Maandalizi, vizuri. Udhibiti wa darasa..." Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Tisa kwa kumi. Sijawahi kumpa mtu tisa. Hata mtoto mmoja hakutoka mkekani. Hebu niambie, yule wako ulimpeleka wapi mwishowe?"

"Kwa nyanyake," Jedidah alisema. "Karungu."

Maneno yalimtoka laini. Mtoto yuko hatua sita kutoka walipokaa.

"Umeona sasa? Ulifanya vizuri." Akajumlisha kwa sauti, polepole, akirudia hesabu mara mbili kama wazee wa kanisa wakihesabu sadaka. "Sabini na mbili. Hongera, madam. Niweke tu sahihi."

Biro ikakataa. Akaitikisa, akaichora kwenye kiganja, akaipulizia pumzi. Akafungua begi na kuanza kutafuta nyingine, akitoa miwani, chaja, leso, mswaki. Jedidah alikuwa na biro mfukoni mwake. Hakuitoa, kwa sababu macho yake yalikuwa dirishani, na dirishani ule mkono ulikuwa unashuka. Haukushushwa, ulianguka. Na mtoto akaufuata, ubavu ubavu, mpaka chini.

"Madam! Sijaweka sahihi!"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akapiga magoti mkekani, akamwinua Irine, na mwili ule ulikuwa moto wa kutisha, sweta imelowa, harufu ya matapishi. Macho yalifunguka kidogo. Yakamtafuta mtu nyuma ya bega la Jedidah.

"Ticha," Irine alinong'ona. "Mgeni ameenda?"

Bwana Onchiri alikuwa amesimama mlangoni na fomu mkononi. Jedidah alikijua kivuli chake, hakuhitaji kugeuka. Alijua pia kwamba bado angeweza kusema neno moja la mwalimu mwema, ampeleke mtoto wa watu zahanati, na sabini na mbili zake zibaki salama.

"Hajaenda," alisema kwa sauti. "Yuko hapa. Niite mama."

Irine akamtazama yule mtu mlangoni, akamtazama mama yake, hakuamini. "Nikuite?"

"Niite mama, Irine. Niite."

Ndipo mtoto akalia. Alilia kilio chote alichokuwa amekizuia tangu asubuhi, na Jedidah akatoka naye mbio, akampita mkufunzi bila kumtazama, mpaka barabarani alikopata pikipiki.

Ilikuwa malaria, na ilikuwa kali. Zahanati walimtundikia dripu, wakambandika mkono plasta nyeupe, na muuguzi akamuuliza Jedidah homa ilianza lini. Jedidah alimwambia ukweli, kwamba ilianza asubuhi na yeye akamleta mtoto shule. Muuguzi aliandika tu kwenye kadi. Ingekuwa afadhali angemfokea.

Alasiri Madam Priscilla, mwalimu mkuu, alikuja na uji kwenye chupa, na habari kwamba Bravin bado yuko salama kwa Risper. Halafu akatoa fomu kwenye mkoba.

"Alikaa ofisini kwangu muda mrefu. Akaomba biro. Akasema nikupe nakala yako, Mama Irine."

Jedidah alipitisha macho kwenye karatasi. Mahali pa udhibiti wa darasa, tisa ilikuwa imekatwa, pembeni pameandikwa sufuri. Jumla ilikuwa imefanyiwa marekebisho: sitini na tatu. Sahihi ipo. Na chini, kwa mwandiko wa mtu aliyekandamiza kalamu: Mtoto hakudhibitiwa. Mtoto aliogopa. Nami nilimpa mwalimu sababu ya kumficha.

Amepita. Miaka mitatu, bweni, nyuzi, gunia la sukari, na amepita. Madam Priscilla alimshika bega akisubiri afurahi. Jedidah alijaribu, akayasoma yale maneno upya, na furaha haikuja; ilikuja aibu, akalia bila kujificha. Madam Priscilla akamwachia leso yake, akarudi shuleni.

Alipojifuta macho na kugeukia kitanda, Irine alikuwa ameamka. Alikuwa amelala chali, anamtazama mama yake, na mkono wenye plasta ulikuwa juu, umenyooka, mpira wa dripu unaning'inia. Jedidah hakujua umekuwa juu kwa muda gani.

Aliudaka ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha polepole, akauliza nini, mama, unataka nini.

Alikuwa anataka maji.