Viatu vya Ndoa kwenye Mteremko wa Bustani

Kisa hiki sikisimulii nikiwa karibu na mama yeyote wa Kalemie anayeanika ndagala, maana mpaka leo mtu akitaja tu bustani ya zamani, masikio yangu yanapata moto. Lakini nyinyi ni watu wangu, na wengine mlikuwa hamjazaliwa, basi chekeni tu, mimi nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ya vita. Mafuta ya gari hayakuwepo, kwa hiyo mji mzima ulikuwa juu ya baiskeli: unga, bidoni (madumu) za mawese, wagonjwa, hata bibi harusi. Mimi nilikuwa na baiskeli ya milima, ya matairi yenye meno manene, niliyoinunua Kigoma kabla kuvuka ziwa hakujawa shida, na nilijiona hakuna kama mimi. Sisi wa baiskeli tulikuwa tunapita kwenye ile bustani ya mteremko, ambayo mtunzaji wake alishaondoka zamani, na katikati ya mikaratusi tulijichongea vijia vyetu kwa matairi tu, bila ruhusa ya mtu. Tulivipenda kwa sababu ya raha ya kuteremka (nisiwadanganye, raha ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza), lakini pia kwa sababu kwenye barabara kubwa kulikuwa na kizuizi cha askari, na askari wale walikuwa na tabia ya kuazima baiskeli. Baiskeli ikishaazimwa pale, umeiaga.

Sasa, chini ya mteremko ndipo mama walipotandika mikeka yao kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Wakalalamika kwamba tunawatilia vumbi kwenye samaki, na kweli tulikuwa tunawatilia. Mkubwa wao, Mama Feza, akaenda kwa chefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, na chefu akasema Jumamosi, baada ya salongo (ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa), tukutane palepale bustanini, asikilize pande zote mbili, halafu aamue kama vijia vifungwe kwa miiba au viachwe.

Wenzangu wakanichagua mimi niwe msemaji. Kwa nini mimi? Kwa sababu nina mdomo. Kabwe, rafiki yangu aliyekuwa anabeba mawese, alikuwa anaendesha vizuri kunishinda, lakini akiwa mbele ya wakubwa anaongea na vidole vya miguu yake.

Hapo nikafanya kosa langu dogo. Niliona aibu kusimama mbele ya chefu na viatu vya tairi, nikatoa viatu vyangu vya ndoa, vyeusi, soli ya ngozi, nikavipaka rangi mpaka nikajiona sura. Mjue kwamba baiskeli zetu wakati ule hazikuwa na breki. Mpira wa breki ukiisha, umeisha. Breki ilikuwa mguu: unakandamiza soli ya kiatu cha tairi kwenye gurudumu la nyuma, linalia, linasimama. Tulifanya hivyo kila siku mpaka tukasahau kwamba breki tunaivaa.

Mkutano ulikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililoniponza. Niliongea nikapigiwa makofi, chefu kwenye kiti chake cha plastiki akawa anaitikia kwa kichwa, na mimi nikazidi kunenepa. Kisha Mama Feza akasimama.

“Papa Ramazani, mutoto akivuka kule chini, wewe unaweza kusimamisha ile kinga yako?” (Kinga ndiyo baiskeli, kwetu.)

“Mama, mimi ninasimama mbele ya mukeka wako, hata ndagala moja haitikisike.”

Ningekaa hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nikaongeza, “Mungoje kidogo, niwaonyeshe.”

Kabwe akaniangalia miguuni, akafungua mdomo, lakini kama nilivyosema, palikuwa na wakubwa.

Nikapanda mpaka juu, nikateremka. Kona ya kwanza safi, ya pili safi, nikaachia mkono mmoja nikawapungia. Kisha nikaweka mguu kwenye gurudumu na kiatu cha ndoa kikateleza kama sabuni, nikajaribu mguu wa pili, vilevile, na nikasikia sauti yangu ikisema, “Muniachie njia, tafazali,” kwa adabu kabisa, maana bado nilikuwa msemaji. Chefu aliruka pembeni, kiti chake kikabaki, nikaondoka nacho. Nikapita mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndagala zinanyesha, na mbele yake kulikuwa na dimbwi ambamo mama wale walilowekea mihogo ya ugali wetu wa fufu, na ilikuwa siku yake ya nne (harufu ya siku ya nne mnaijua). Nikaingia kichwa kwanza.

Nilipotoka, na ganda la muhogo sikioni, hakuna aliyecheka. Moyo wangu uliuma, si kwa aibu tu. Nilimwona Kabwe ameshika usukani wa baiskeli yake kwa mikono miwili, na nikajua nimewapotezea wenzangu njia. Wote walimwangalia chefu, na chefu alikuwa anauma midomo. Ndipo Mama Feza akakaa chini kwenye nyasi, akaanza kucheka mpaka kilemba kikamwanguka, na kartie nzima ikamfuata, hata askari wa kizuizini wakaja mbio kuangalia kuna nini, wakaniona, wakaziba pua, wakarudi bila kuazima kitu.

Chefu akafuta machozi. “Mama Feza, ndagala njo zako. Sema wewe.” (Njo ndiyo “ndizo”, kwetu.)

“Papa chefu, siku nyingi tuko tunalia tu. Leo tumecheka. Kinga zipite, ila wazizungushie kule pembeni, mbali na mikeka. Bapite bote.” Akaninyooshea kidole. “Isipokuwa huyu. Huyu atashuka, atasukuma na mikono.”

Chefu akasema hukumu imepita.

Basi wenzangu waliteremka kwa raha mpaka vita vikaisha, na mimi mwenye matairi ya meno manene nilishuka kwa miguu nikiisukuma baiskeli yangu, huku mama wa ndagala wakinisalimu kwa heshima kubwa, “Pole na safari, Papa Musemaji.” Nikaapa sitamsemea mtu tena. Mwaka jana majirani walikuja niwasemee habari ya bomba la maji, nikajifunga kitambaa shingoni, nikawaonyesha kwa vidole kwamba koo linauma.