Rosenda na sauti iliyotikisa vichanja vya samaki

Saa mbili asubuhi, wingu zito linasogea juu ya kisiwa cha Bantayan, Ufilipino. Samaki waliotiwa chumvi wamejaa kwenye vichanja vya kuanikia, na wanawake kumi na wawili wanamtazama msimamizi wao, Rosenda Pacaldo, mwenye miaka 58. Anavuta pumzi, anafuta mikono kwenye aproni, kisha anasema kama mtu anayeagiza chai: "Tuanze na vya upande wa bahari. Bebing, shika turubai huko."

Kabla tone la kwanza halijadondoka, samaki wote wamefunikwa. Hakuna aliyefokewa.

"Zamani ungemsikia mpaka gatini," anasema Bebing, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa. "Ukiangusha samaki mmoja, anakutaja wewe, mama yako na marehemu bibi yako."

Rosenda anacheka, habishi.

Kazi hii aliirithi kwa baba yake, na anakiri kwamba ukali nao aliurithi huko huko. Analipwa peso 450 kwa siku, na samaki wakilowa, tajiri huwakata wote ujira. "Nilidhani bila kufoka hakuna kinachokwenda," anasema. "Hata nyumbani. Mume wangu Tino alikuwa anakula huku anaangalia mlango."

Maji yalimfika shingoni Desemba ya mwaka juzi, kwenye sherehe ya Krismasi ya wafanyakazi, ambako kila kundi lazima lilete igizo. Bebing alijifunga kitambaa cha Rosenda, akapanda juu ya ndoo na kuanza kuvifokea vichanja vitupu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Rosenda alicheka kuliko wote, hadi alipomwona Jovelyn, bintiye wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi chini yake. Alikuwa ameinamisha kichwa, analia.

Wiki moja kabla, Rosenda alikuwa amemtukana mbele za watu kwa sababu ya kichanja kimoja kilicholowa. Baada ya sherehe Jovelyn hakurudi kazini. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, akawa hapokei simu, na kanisani akahamia upande wa pili.

"Nikakosea tena," anasema Rosenda. "Nilipika biko, wali wetu ule wa nazi na sukari, nikamtuma Tino apeleke. Sahani ikarudi imeoshwa, tupu."

Huku hakuna anayerudisha sahani tupu, hata kwa jirani asiyempenda. "Hapo nikajua nampoteza mtoto," anasema, na machozi yanamlengalenga.

Siku zilizofuata alianza kujisikiliza. Akagundua kwamba sauti yake hupanda kabla yeye mwenyewe hajajua amekasirika, na kwamba kinachoipandisha ni hofu, ile ile aliyokuwa nayo utotoni baba yake akipita vichanjani. Jumapili akaenda mwenyewe kwa Jovelyn.

"Nilimkuta anafua. Nikakaa, nikakamua nguo naye. Nikamwambia, mwanangu, sikuja kujieleza, nimekuja kuomba radhi."

Jovelyn, mwenye miaka 31, anakumbuka jambo jingine. "Aliikamua blauzi yangu mpya mpaka ikapoteza umbo. Lakini nilifurahi. Mama hakuwa amewahi kumwomba mtu radhi."

Alirudi kazini baada ya Pasaka. Rosenda anasema haipiti siku bila kumshukuru Mungu kwa hilo, na kumshukuru Bebing, "aliyenionyesha nilivyo bila kujua."

"Nilijua," anadakia Bebing.

Mwezi Juni, Rosenda atamkabidhi Jovelyn usimamizi, naye abaki mgeuza samaki kama wengine. Jovelyn amekubali, ila moyo haujatulia.

"Naogopa, mama," alisema jana, mwandishi akiwa pale. "Sauti ile hata mimi ninayo."

Rosenda hakuacha kugeuza samaki wake.

"Najua unayo," alimjibu. "Mimi sikuwa na wa kuniambia mapema. Wewe unaye."